Siku Volkswagen ya mjomba ilipotugomea Pongwe

Mjomba wangu wa Tanga ana Volkswagen 1300 ya mwaka 1966, ile ya mgongo wa kobe, injini mkiani. Ilikaa chini ya mwembe pale Chumbageni miaka na miaka, kuku wakawa wanatagia siti ya nyuma. Alipostaafu 2015 akachukua sehemu ya kiinua mgongo akasema hii gari lazima itembee, mke wake akanuna miezi miwili. Mi nlikua nimemaliza chuo sina kazi, basi nikawa msaidizi wake, kusugua kutu, kupiga msasa, kutumwa spea. Na kazi ya ndani yote aliniachia mimi, siti, dari, na zulia. Hilo zulia likumbukeni.

Tulichukua karibu mwaka mzima. Ilitoka rangi ya krimu, vikombe vya tairi vinang'aa unajiona sura, na mjomba kila anayesimama kuiangalia anamwambia gari kama hizi ndo zilishinda Safari Rally 1954, 1957 na 1962, hata kama mtu kauliza tu saa ngapi. Tatizo lilikua moja, breki. Ukitoka asubuhi gari nyepesi kabisa, ukizunguka mjini dakika ishirini hivi unaanza kuhisi inavuta, unakanyaga mafuta haiendi, ukiachia mafuta inasimama yenyewe kama kuna mtu kaishika mkia. Ukiipaki ukaenda kunywa chai ukirudi imepona.

Fundi wa kwanza alisema handbreki, kebo zimekaza. Tukalegeza. Siku mbili tukarudi pale pale (na handbreki inashika tairi za nyuma tu wakati za mbele ndo zilikua zinachemka zaidi, lakini nani aliuliza). Wa pili akasema brek shuu (zile zinazosugua kusimamisha tairi) zimebana drami (duara la chuma linalozunguka na tairi), akaingiza bisibisi kwenye kitundu akarudisha marekebisho nyuma tairi zote nne, gari ikawa na pedeli ya kwenda chini mpaka sakafuni ndo ishike, na bado ikipata moto inakaza. Wa tatu ndo alitumaliza, akasema wili silinda zote nne (zile zinazosukuma shuu kwenye tairi) zimekufa na hosi za mpira zimevimba ndani, mafuta ya breki yanaenda hayarudi. Kwa haki yake, hosi kuvimba ndani ni ugonjwa wa kweli kabisa kwa magari ya zamani, nje inaonekana nzima kumbe tundu limeziba. Tukaagiza Dar. Hela iliyotoka hapo mjomba hajawahi kunitajia, nlikua namuona tu anahesabu kwa vidole akiwa peke yake.

Zikafungwa, tukatoa upepo kwenye mafuta ya breki, tukazunguka Raskazone mara moja tu jioni kukiwa na ubaridi, ikawa safi. Mjomba akasema Jumamosi tunampeleka bibi yako aione, Muheza.

Jumamosi jua kali. Tumefika Pongwe, hata nusu ya safari hatujamaliza, nikasikia harufu, ile ya pasi iliyosahaulika juu ya suruali. Mjomba naye ameisikia lakini hasemi, anazidi kukanyaga. Gari inaunguruma, bodaboda zinatupita, baiskeli iliyobeba mkaa nayo nusura itupite. Mwisho ikasimama yenyewe pembeni ya lami. Nikashuka nikasogeza kiganja karibu na tairi ya mbele kushoto, moto. Kulia, moto. Nikaenda nyuma zote mbili, moto vile vile. Nikachukua chupa ya maji nikitaka kumwagia, mjomba akapiga ukelele, "We! Utapasua drami!" Tukakaa chini ya mti dakika arobaini, mjomba kavaa shati lake la sherehe, watoto wa pale wamejaa wanaimba kobe, kobe, kobe. Sikuwahi kumuona mjomba mnyonge vile.

Ikapoa, tukaondoka, tukaingia Muheza tunanuka tena, gia ya pili. Bibi kapika bada na mchuzi wa samaki, hata hatukula kwa furaha. Ndo jirani yake akaja kusalimia, babu mmoja mkavu wa zaidi ya miaka sabini, zamani alikua fundi wa magari kwenye shamba la mkonge. Shikamoo babu, marahaba, akaizunguka gari mara moja akauliza ina nini. Mjomba akaanza kuhadithia kuanzia kwa fundi wa kwanza. Babu akamsikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Wili silinda nne zife pamoja? Zilikula nini, uyoga?"

Akataka jeki na spana namba 7. Gari bado ya moto, akasema ndo vizuri, ikipoa ugonjwa unakimbia. Tukainua mbele, tairi haizunguki hata kwa mikono miwili. Akafungua kale kanipo ka kutolea upepo robo mzunguko tu, mafuta ya breki yakaruka tiii kama mtoto anakojoa, mjomba akawa anafuta rangi yake mpya kwa leso maana yale mafuta yanakula rangi. Babu akapiga tairi kofi. Ikazunguka yenyewe.

"Ingekua ni kutu au springi imekatika ningefungua hapa mpaka magharibi na tairi ingebaki imekaza. Hii ilikua imebanwa na presha." Akafunga nipo, akasema inueni nyuma. Huko nyuma hatujagusa kitu, lakini nayo ikazunguka nyepesi, na upande wa pili pia. Hiyo 1300 ya mjomba breki zake ni mfumo mmoja, masta silinda moja, ile inayosukumwa na pedeli, inalisha tairi zote nne, kwahiyo presha ilipotoka kwa tairi moja zote zikapumua. Maana yake hosi zilikua zinapitisha vizuri tu, na ugonjwa uko huko mwanzo ambako zote zinakutana.

Mjomba akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Kwahiyo masta nayo mbovu." Babu hakujibu. Akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti chini, akaisukuma pedeli ya breki kwa kidole kimoja. Akasukuma tena. Akaniita, "Weka kidole hapa mjukuu." Nikaweka. "Kuna mchezo?" Hamna, ukigusa tu unakuta ugumu. Akasema hapo panatakiwa pacheze kwanza, kile chuma kinachosukuma pistoni ya masta kiachane nayo milimita moja, huku juu kwenye pedeli unaisikia kama nusu sentimita hivi. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo mno, mafuta yakipata joto yanavimba na yanarudi kwenye tangi kupitia hapo. Pistoni isiporudi mpaka mwisho inakaa juu ya kitundu, mafuta hayana pa kwenda, yanasukuma shuu, shuu zinazidisha joto, yanavimba tena. Ndo maana ikipoa inapona.

Kisha akainamisha kichwa, akaangalia kale kabati (kipande kidogo cha bati) ka chini kanakozuia pedeli isirudi nyuma kupita kiasi. Kamefungwa kwa bolti, na tundu lake ni refu ili uweze kukasogeza. Pembeni yake zulia jekundu limeingizwa chini vizuri, limekunjwa mara mbili, kona imenyooka kama shuka la hospitali.

"Nani alitandika hili zulia?"

Nilifungua hiyo bolti mwenyewe. Nakumbuka kabisa, zulia lilikua linatokeza nikaona vibaya, nikalegeza, nikachomeka, nikasogeza kabati mbele kidogo kupata nafasi, nikakaza. Nikajisifu na picha nikapiga.

Mjomba alinitazama, akaitazama gari, akanitazama tena, midomo inacheza. Nahisi alikua anazidisha wili silinda mara nne. Bibi akiwa mlangoni akauliza kama bada lirudishwe jikoni.

Babu akakata lile kunjo kwa kisu, akarudisha kabati nyuma, akajaribu kwa kidole mpaka aliporidhika, tukaongeza mafuta tukatoa upepo ile tairi moja. Haikufika nusu saa. Hela alikataa. Aliomba kile kipande cha zulia, akasema mlangoni kwake hakuna cha kufutia miguu.

Kurudi jioni, kila baada ya kilomita chache mjomba anasimama bila kusema neno, mi nashuka naenda kushika tairi zote nne, narudi nakaa. Za uvuguvugu tu. Pongwe alinishusha mara mbili.