Mzigo wako umefika Zanzibar

Tarehe 9 ya Ramadhani nilikuwa kibandani kwangu Wete, magauni kumi na saba ya Idi yamening'inia ukutani yanangoja ovaloki, simu ikalia. "Mteja wetu mpendwa, mzigo wako umefika Zanzibar." Nikacheka peke yangu. Mtu wa Pemba akiambiwa mzigo wake umefika Zanzibar, anajua kazi ndiyo kwanza inaanza.

Charahani yangu ya zamani ya ovaloki, ile ya kukata na kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, ilikufa Shaabani. Fundi wa Chake kaifungua, kaifunga, kanambia dada, usipoteze pesa zako. Nikaagiza mpya kwenye duka moja la mtandaoni la Dar es Salaam, jina silitaji. Bei ilinipendeza, na pale chini pembeni pa tovuti pana kidirisha cha kuchati: "Uliza, tupo hapa."

Basi nikauliza kabla sijalipa: mnafikisha Wete? Mtu akanijibu baada ya dakika mbili tatu: "Ndiyo, tunafikisha Zanzibar yote bila gharama ya ziada." Nikaipiga picha ile skrini. Si ujanja, ni malezi tu. Mamaangu alikuwa akipeleka karafuu kituoni, anasimama mbele ya mzani mpaka namba itulie, halafu risiti anaifunga kwenye ncha ya kanga. Kanga ikifuliwa, kwanza hutafutwa risiti.

Turudi tarehe 9. Nikafungua kile kidirisha, nikaanza kistaarabu: Assalaam aleikum. Nikajibiwa: "Samahani, sijaelewa. Chagua: Bei, Oda, Kurudisha bidhaa." Salamu haieleweki! Nikaandika, charahani yangu iko wapi? "Samahani, sijaelewa." Nikabadilisha, mashine yangu iko wapi? Ikaniletea picha sita za mashine za kufulia nguo.

Mpwa wangu aliwahi kufanya kazi ya kujibu wateja huko Dar. Kanambia roboti za namna ile hazisomi sentensi, zinadaka neno. Na si mambo mapya: Joseph Weizenbaum wa MIT, Marekani, alitoa programu yake ELIZA mwaka 1966, ikidaka neno lako na kukurudishia swali, na wako watu waliohisi kweli inawaelewa. Mie yangu haikunidanganya hata dakika moja.

Dawa yake ni kuandika "mhudumu". Nikaambiwa niko nafasi ya 14 kwenye foleni. Nikaweka simu juu ya meza, nikaanza kukuna nazi ya futari. Alipotokea mtu, mazungumzo yakawa hivi:

"Mzigo wako upo Zanzibar, kauchukue ofisi ya Malindi, mjini Unguja."

"Mie niko Wete."

"Wete ni mbali na Malindi?"

"Kuna bahari baina yetu."

Vitone vitatu vikacheza, vikatulia, vikacheza tena. "Lakini Pemba si Zanzibar?"

Ni Zanzibar, ndiyo. Zanzibar ina mikoa mitano, mitatu iko Unguja na miwili iko kwetu. Lakini kwenye orodha yao ya kuchagua mkoa kuna mstari mmoja tu, "Zanzibar", na msafirishaji wao akishashusha pale Malindi anahesabu amemaliza. Hapo niliandika neno ambalo aliyefunga haliandiki, nikalifuta kabla sijalituma. Siku ya pili mpwa ananambia kuna programu zinazomwonesha mhudumu unachokiandika hata kabla hujakituma. Astaghfirullah.

Nikenda jikoni kuzima moto. Kurudi: "Mazungumzo yamefungwa kwa sababu hukujibu." Foleni upya, nafasi ya 9, na huyu wa pili hajui lolote la yule wa kwanza. "Naomba namba ya oda. Tatizo lako ni nini?"

Sikumkasirikia. Kumbe mhudumu mmoja huwa na watu watatu wanne kwa mara moja, na majibu mengi yameshaandikwa, yeye anabonyeza tu. Ndiyo maana ukimpelekea habari kidogo kidogo, naye anakupa majibu ya vipande. Mara hii nikaandika kila kitu kwenye ujumbe mmoja: namba ya oda, Wete Pemba, siku niliyolipa, walivyoniahidi, ninachokitaka. Chini yake nikabandika ile picha.

Vitone vilicheza muda mrefu. Nilifikiri kaondoka. Kisha: "Samahani sana dada. Tutagharamia usafiri hadi Wete."

Watu husifia kuchati kwa sababu ni haraka. Haraka ipi? Mie nilianza baada ya Alasiri nikamaliza jua linazama. Kuchati nimekupendea jambo jengine kabisa. Ningepiga simu, ningesikilizishwa muziki mpaka vocha iishe, na yule aliyeniahidi Zanzibar yote angekuwa kasema na upepo. Hapa neno lake lilikuwepo, na jina lake, na saa. Siku hizi sifungi mazungumzo kabla sijayapiga picha yote, hata niliyouliza bei ya sindano tu.

Mzigo ulipanda boti ya usiku, ukashuka Mkoani, ukapakiwa gari mpaka kwangu tarehe 16. Boksi limebonyea pembe moja, charahani salama. Nilishona mpaka saa saba za usiku siku tatu mfululizo, mama akilalamika kuwa inanguruma kama mashine ya kusaga.

Juzi nimeagiza uzi wa ovaloki kwenye duka lile lile. Orodha bado ina mstari mmoja, "Zanzibar". Nikauchagua, na kwenye nafasi ya anuani nikaandika kwa herufi kubwa: WETE, PEMBA. PANDENI BOTI.