Nilivyopunguza safari zangu kwa msaada wa simu

Simu haipunguzi safari yenyewe. Nilizipunguza pale nilipojua ni safari ipi inafutwa na simu, ipi inazaliwa nayo, na ipi inageuzwa saa au njia tu. Wazo la kuipeleka kazi kwa mfanyakazi badala ya mfanyakazi kuifuata lilianza kutangazwa na Mmarekani Jack Nilles mwaka 1973, na wengi walitarajia barabara zingepungua watu. Baadaye watafiti kama Patricia Mokhtarian walieleza kwamba mawasiliano na safari mara nyingi hukua pamoja. Kwa hiyo nilianza kwa kupima.

Nilitumia daftari la kawaida. Kila safari niliiandikia saa ya kutoka, saa ya kufika, chombo cha usafiri, shughuli, na ujumbe au simu iliyoisababisha. Andika jioni ileile. Ukingoja kesho, safari fupi za miguu zinasahaulika kwanza, na ndizo nyingi.

Kumbukumbu ya mahali iliyomo kwenye simu inasaidia kuhakiki saa, lakini usiitegemee peke yake. Penye uwazi, GPS (mfumo wa setilaiti unaoijulisha simu mahali ilipo) hukosea kwa mita chache tu. Katikati ya majengo marefu mawimbi yake hugonga kuta kabla ya kufika, na ramani inaonyesha umepita mtaa ambao hukuukanyaga. Ukiwasha hali ya kubana betri, simu huacha kurekodi kwa vipindi na safari mbili huonekana moja. Tena haijui ulifuata nini. Na kubwa kuliko yote: safari iliyofutwa kwa simu haiachi alama yoyote kwenye ramani. Hiyo lazima uiandike kwa mkono, la sivyo hesabu yote itaegemea upande mmoja.

Daftari lilinionyesha jambo ambalo nadhani ndilo kiini. Siku ya kufanyia kazi nyumbani, safari ya kazini inafutika, lakini ile safari ilikuwa imebeba nyingine mgongoni: kuchukua dawa, kupeleka kiatu kwa fundi, kumpitia mgonjwa. Zote zilikuwa njiani, hazikuongeza hata robo saa. Ukibaki nyumbani, kila moja inakuwa safari kamili ya kwenda na kurudi, tena mara nyingi kwa chombo chako mwenyewe kwa kuwa ni “hapo tu”. Umeokoa safari moja ndefu, ukazaa tatu fupi.

Dawa yake ni kuzifunga shughuli kwenye siku ya kutoka. Ninaweka orodha moja kwenye simu, nikiipanga kwa eneo, si kwa umuhimu, maana vitu vya mtaa mmoja hufanyika kwa mguu mmoja. Jambo likijitokeza siku ya kukaa nyumbani, linaingia kwenye orodha na kusubiri, isipokuwa la afya.

Kabla ya kutoka napiga simu, sitegemei ujumbe. Ujumbe husomwa saa mbili baadaye, na jibu la “njoo tu” halithibitishi kitu. Nauliza mambo matatu: mhusika yupo hadi saa ngapi, ninachokifuata kipo tayari, na nije na karatasi gani. Swali la tatu ndilo linalookoa safari nyingi zaidi, kwani watu hurudishwa kwa kukosa nakala moja.

Miadi ya kulegea ndiyo iliyonisumbua zaidi. “Tutapigiana nikifika” huonekana rahisi, lakini kila mmoja huchelewa akijua atatoa taarifa, mahali hubadilishwa mtu akiwa barabarani, na safari hurefuka. Sasa tunakubaliana saa na mahali kabla ya kutoka, na simu inabaki kwa dharura. Kwa usafiri wa umma, muda wa chombo kufika unaoonyeshwa kwenye programu ni makadirio: namba ya dakika tano huaminika kuliko ya dakika ishirini, kwa kuwa foleni inayokuja bado haijahesabiwa. Naangalia mara mbili, wakati wa kuvaa viatu na tena mlangoni.

Ramani ya eneo naipakua mapema, maana mtandao ukikata njiani maelekezo hayapatikani upya pindi ukikosea kona.