Vikokotoo vya zamani katika sebule ya Buruburu

Dirisha la sebule yetu linaangalia kaskazini. Nalitaja mwanzo kabisa kwa sababu ndilo lililoamua vikokotoo vyangu vya zamani vikae wapi, kabla sijamwita fundi wala kupima ukuta. Wenzangu wengi wanaokusanya vitu kama hivi hununua kabati kwanza, halafu wanaanza kulitafutia pa kukaa. Mimi nashauri uanze na jua.

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na ikweta haiko mbali. Mionzi ya jua ni mikali hapa hata siku ya baridi ya kuvaa sweta. Tena jua letu huhama. Mwezi wa Desemba linapita upande wa kusini, na ukuta wa ndani wa sebule yangu unakaa kivulini kutwa. Ikifika Juni limevuka kaskazini, na asubuhi na jioni linapenya kishazari hadi kwenye ukuta ule ule uliodhani ni salama. Nilisubiri nilione jua la misimu yote miwili, ndipo nikaamua kabati likae kwenye ukuta wenye dirisha, kando ya dirisha lenyewe. Jua likiingia linatua mbele, na kabati halifikiwi. Kasoro ya ukuta huo ni kwamba uko nje, na masika yakikolea unashika unyevu. Kwa hivyo niliacha nafasi ya kiganja kati yake na mgongo wa kabati ili hewa ipite.

Kwa nini nijisumbue hivyo? Vikokotoo vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vimeundwa kwa plastiki ya ABS, ambayo mara nyingi ilitiwa kemikali za bromini ili isishike moto upesi. Mwanga wa jua ukiipiga, ile rangi ya krimu inageuka manjano, kisha kahawia. Wako wanaoipaka haidrojeni peroksaidi na kuianika ili weupe urudi. Mimi sifanyi hivyo. Manjano hurejea mara nyingi, na plastiki yenyewe inaweza kubaki na mabaka au kuwa dhaifu. Ni afadhali kikokotoo kikae na umri wake, na umri huo usiongezeke kwa haraka. Skrini za LCD, zile zisizotoa mwanga wao wenyewe, nazo zina utando mwembamba unaochuja mwanga, na utando huo unaharibiwa na joto na unyevu mpaka skrini inaingia weusi usiofutika. Watengenezaji walilijua tatizo la jua tangu zamani: skrini nyingi za LCD za awali zilifunikwa kwa kichujio cha manjano ili kukinga mionzi. Ukikuta kikokotoo chenye skrini ya manjano ukadhani kimezeeka vibaya, kitazame tena. Huenda kilitoka kiwandani hivyo.

Pale nilipopataka palikuwa na kabati la vyombo vya wageni.

"Sasa vikombe vitaenda wapi, Mama Neema?" mume wangu akauliza.

"Vitaenda jikoni, Baba Neema, tuanze kuvinywea chai sisi wenyewe."

Alikubali, kwa sharti kwamba redio yake ya zamani ipate rafu ya chini. Imekaa vizuri na majirani zake.

Kabati jipya nililitengenezesha kwa fundi wa Ngong Road. Nilimweleza kwamba sitaki mbao za kubandika kwa gundi ndani, kwa kuwa zikifungiwa nyuma ya kioo hutoa mvuke wenye asidi unaokula chuma cha betri na cha vitufe polepole. Fremu ikawa ya chuma kilichopakwa rangi na kuokwa, rafu na milango vioo. Yeye ndiye aliyenifundisha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria.

"Mama, hizo kalkuleta zina urefu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono.

"Basi rafu zisiingie ndani sana. Ukiweka kina cha kabati la vyombo, utapanga mistari miwili, na ule wa nyuma hutauona tena."

Rafu zikawa na kina cha sentimita 20 tu, na kila moja ina ukingo mdogo wa mbele wa kuzuia kitu kisiteleze. Vikokotoo vinaegemea kipande cha mbao kilichovikwa kitambaa, vimeinama kama kitabu kilicho mkononi mwa msomaji. Kikilazwa, unaona ukingo wake tu. Kikisimamishwa wima, kinaanguka gari kubwa likipita nje. Kwa mwinamo huu unaona skrini na vitufe vyote ukiwa umekaa kwenye kochi.

Kuhusu mpangilio, wengi hupanga kwa mwaka au kwa kampuni. Mimi nimepanga kwa rangi ya mwanga, na kati ya yote niliyoamua, hili ndilo ninalolipenda zaidi. Rafu ya juu ni ya mwanga mwekundu, ya kati ni ya kijani, inayofuata ni ya vile visivyotoa mwanga kabisa. Mgeni akiangalia kutoka juu kwenda chini, anapata kisa chote bila mimi kufungua mdomo.

Mwekundu ni wa taa za LED. Hapo yuko TI-30 wa Texas Instruments, aliyetoka mwaka 1976 kwa dola 24.95 za Marekani. Miaka minne tu kabla yake, mwaka 1972, HP-35, kikokotoo cha kwanza cha kisayansi cha kushikwa mkononi, kilikuwa kinauzwa dola 395. Mtu anayejua bei hizo mbili anaelewa jinsi hesabu za sini na logi zilivyotoka maabara zikaingia mfuko wa mwanafunzi. Tarakimu za TI-30 ni ndogo mno, na kila moja ina lenzi yake ya plastiki ya kuikuza. Ukisogea kando kidogo, namba inapotea. Taa hizo zilikuwa zinakula betri vibaya, na hiyo ni sababu kubwa ya rafu ya vile visivyotoa mwanga kuwepo.

Kijani ni cha zile taa zilizo ndani ya kichupa cha kioo kilichoondolewa hewa. Mkubwa wa rafu hiyo ni Casio Mini wa 1972, aliyeuzwa yeni 12,800 na kuwafikia watu wa kawaida waliokuwa hawajawahi kuota kumiliki kikokotoo. Ana tarakimu sita tu, lakini mwanga wake wa kijani wenye ubuluu ni laini, na mimi sijaona mwanga mzuri kuushinda katika vifaa hivi vyote.

Chini ya hiyo ya kijani kuna LCD, ambazo hazitoi mwanga ila zinazuia na kupitisha ule uliopo. Sharp walitoa EL-805 mwaka 1973, miongoni mwa vya kwanza vya aina hiyo, kikitumia betri moja tu ya AA. Changu ni cha miaka ya baadaye. Pembeni yake nimepanga vile vya Casio vya sekondari, na wageni wote mikono yao inaenda hapo kwanza, kwa maana kila mmoja aliwahi kuazima kama hicho asubuhi ya mtihani. Sivifungii kwa kufuli. Kikokotoo kiliundwa kibonyezwe, na miguso ya vitufe inayokaa miaka bila kuguswa hushika kutu nyembamba ikaacha kupitisha stima. Mgeni akibonyeza, ananisaidia kazi.

Ila hakuna kikokotoo hata kimoja kinachokaa na betri ndani. Betri huwa kwenye kisanduku chini ya kabati, na anayetaka kuwasha anaitia, akimaliza anaitoa. Stima ikipotea mtaani, watoto wanaomba tuwashe rafu mbili za juu, na hapo kisanduku kinafunguliwa kwa furaha.

Ukali wangu kuhusu betri unatokana na nilichokiona ndani ya vile nilivyonunua soko la Gikomba. Unafungua kifuniko cha nyuma, unakuta springi imevimba kwa unga. Usiparuze kwa kisu. Kwanza jiulize ni betri ya aina gani. Za alkalaini humwaga kitu chenye asili ya besi, na unga wake mweupe ukiuwekea tone la siki kwa kijiti cha pamba, unaona vipovu vidogo vinachemka. Vipovu vikiisha, kazi ya siki imeisha. Zile za bei nafuu za zinki na kaboni humwaga kitu chenye asidi, na kwazo siki haisaidii, bali soda ya kuokea iliyoloweshwa kidogo. Baada ya hapo futa kwa spiriti, acha ikauke kabisa, kisha fuata waya. Hapa wengi wanaishia njiani. Uozo hutambaa ndani ya ganda la waya, na waya uliokuwa wa shaba unakuwa mweusi mpaka mbali na betri. Kata waya huo hadi uone shaba inayong'aa, ndipo uchomelee mwingine.

Adui wa pili anakuja na kikokotoo chenyewe: mfuko wake. Mifuko ya PVC iliyofanana na ngozi hutokwa na mafuta yaliyotiwa ili iwe laini, na mafuta hayo huilainisha plastiki inayogusana nayo. Ukiacha kikokotoo humo kwa miaka, alama za mshono wa mfuko zinakaa usoni mwake daima. Mifuko ninaitunza, kwa kuwa ni sehemu ya historia, ila inalala chumba chake na kikokotoo chake chumba kingine, vyote vikiwa na namba moja.

Vingi haviko kabatini. Ninaonyesha vichache, vingine vinapumzika, halafu vinapokezana zamu. Hifadhi ni kabati la chuma la ofisi lenye droo za kina kifupi, nililolipata kwenye mnada wa samani za ofisi Industrial Area. Chuma hakitoi mvuke, na droo fupi hazikuruhusu kurundika kitu juu ya kitu. Kila kikokotoo kimefungwa kwa marekani, kile kitambaa cha pamba kisichopaushwa, nilichokinunua Biashara Street. Kifue kwanza, wanga utoke, maana mende na wadudu wanaokula karatasi wanaupenda. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya 2017 ilishanizoesha kitambaa, na kwa hali ya hewa yetu kitambaa ni bora zaidi, kwani plastiki iliyofungwa hushikilia unyevu ndani. Pakiti za silika jeli ninaziweka kwenye kila droo na kuzikausha upya kwa joto dogo la oveni msimu wa mvua. Mchele siuweki, unaleta fukusi. Vidonge vya nafthalini ambavyo akina mama tunatia kwenye kabati la nguo pia havikaribishwi, mvuke wake unadhuru plastiki.

Kila kitambaa kina kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: jina, mwaka, betri, na kama kina adapta, volti zake na upande wa chanya. Adapta hazifanani, nyingine zina chanya katikati, nyingine nje. Vile vya mezani kutoka Marekani na Japani nimevifunga utepe mwekundu kwenye waya, kwa sababu viliundwa kwa volti 120 au 100, na soketi zetu ni za 240. Hakuna mtu nyumbani anayechomeka chenye utepe bila transfoma.

Kilichobaki peke yake ni mashine ya Facit ya Uswidi, ya kuzungusha kwa mkono, bila stima yoyote. Kioo cha rafu hakingeibeba, kwa hivyo iko kwenye meza ndogo ya mbao ngumu. Kuzidisha kwake ni kujumlisha tena na tena: kuzidisha kwa 34, unazungusha mara nne, unasogeza nafasi moja, unazungusha mara tatu. Sheria yangu kwa watoto ni moja, ukianza kuzungusha umalize mzunguko, na ikigoma usilazimishe. Kugoma mara nyingi ni grisi iliyoganda. Nilivyoisafisha, tone moja moja la mafuta ya cherehani kwenye ekseli liliitosha, si zaidi, kwani mafuta mengi hukusanya vumbi.

Droo ya chini kabisa nimewaachia wafu. Vikokotoo visivyofufuka sivitupi. TI-30 mmoja aliyeungua amewapa wenzake wawili vitufe na kifuniko cha betri, na Casio aliyevunjika skrini bado ana springi zote nzima. Nimeandika kwenye kila kikaratasi cha droo hiyo kilichokwisha kuchukuliwa na kilichobaki, na sasa ninatafuta kifuniko cha nyuma cha Casio Mini. Wa kwangu amefungwa kwa utepe tangu nilipompata.