Kabla ya kutia sahihi, fungua mlango wa nyuma wa ambulensi

Paramediki anayemaliza chuo hapa Kenya ana njia chache tu za kuingilia kazini: ambulensi za kaunti, Msalaba Mwekundu, St John, hospitali na kampuni binafsi, na kandarasi za migodini, kwenye ujenzi au mashamba ya maua. Wengi huanza kwa kuulizia mshahara. Una haki ya kuuliza, lakini mikono yako itatengenezwa na mwaka wa kwanza. Kwa hiyo uliza kwanza: kwa zamu moja gari hutoka mara ngapi, na nyuma nitakaa na nani? Ukiambiwa utakuwa peke yako na dereva tangu wiki ya kwanza, tafuta kwingine. Unahitaji mkongwe kando yako walau miezi mitatu.

Kandarasi za kampuni mara nyingi hulipa vizuri na usiku unalala. Shida yake ni kwamba wiki zinaweza kupita hujatia hata dripu moja, na ustadi wa mkono hupotea upesi kuliko wa kichwani. Kama nyumbani kunakubana, ichukue, ila kwenye mkataba uombe ruhusa ya kufanya zamu za wikendi kwenye gari lenye kazi nyingi.

Mimi ningemshauri mgeni aanzie kaunti au kwenye shirika lenye simu nyingi mjini. Tangu ugatuzi wa 2013 huduma nyingi za afya ziko mikononi mwa kaunti, na sehemu kubwa ya safari za magari yake ni rufaa, hasa za akina mama wajawazito. Wapo wanaodharau rufaa kwamba ni kazi ya uchukuzi. Wanakosea sana. Toka Garissa na mgonjwa mahututi kwenda Nairobi, zaidi ya kilomita 350, ndipo utajua kumtunza mtu saa sita bila daktari.

Ndiyo maana siku ya usaili uombe kuliona gari. Anza na oksijeni. Mtungi wa ujazo wa lita 10 uliojazwa hadi baa 150 una takriban lita 1,500 za gesi. Mgonjwa anayevuta lita 10 kwa dakika anaumaliza kwa saa mbili na nusu. Safari ya saa sita inataka lita 3,600, yaani mitungi miwili haitoshi. Mitatu ndiyo inafika na akiba kidogo. Washa mashine ya kunyonya makohozi bila kuichomeka kwenye umeme. Betri iliyokufa ndiyo kasoro inayofichika zaidi. Tafuta mfuko wa kusukuma hewa wa mtoto, si wa mtu mzima peke yake. Kisha uliza oksitosini, dawa ya kuzuia mama aliyejifungua asivuje damu, inakaa wapi. Hiyo hutakiwa kuhifadhiwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikishinda kwenye droo ya gari kwenye joto la Garissa, inapungua nguvu, na mama akianza kuvuja damu njiani utamchoma yuniti 10 zisizofanya kazi yake.

Uliza pia mwongozo wa tiba: umeandikwa, una sahihi ya daktari, na unataja dawa unazoruhusiwa kutoa bila kupiga simu? Pasipo huo, lawama ikija itakuangukia wewe.

Kuhusu ndege, kama za AMREF Flying Doctors pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ziweke kuwa lengo la baadaye. Angani hewa iliyonaswa kifuani hutanuka, na puto la mrija wa kupumulia uliopitishwa kooni hufura na kubana. Hayo yanamtaka mtu ambaye ardhini ameshazoea.

Mwisho ni mwili wako. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu, mwezi 0, 1 na 6. Anza kabla ya zamu ya kwanza. Na mwajiri akuonyeshe ni kliniki gani itakupa PEP, yaani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, usiku wa manane ukijichoma sindano, maana dawa hizo zinatakiwa kuanzwa ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora.