Difu iliyonitoa kwenye tope la Kitulo

Nabeba viazi kutoka Kitulo kushukia Chimala kwa kona zile 57, na mvua zikianza Novemba udongo wa huko huteleza kama sabuni. Pikapu yangu inavuta kwa magurudumu manne, lakini ilikwama kila wiki: tairi moja ya nyuma inazunguka hewani, ya pili imetulia tuli. Difu ya kawaida, yaani gia za ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, ndivyo ilivyo. Tairi yenye mshiko haipati nguvu kuzidi ile inayoteleza.

Fundi wangu wa Mwanjelwa alinishauri difu ya sahani za msuguano, zinazobana ili tairi moja isizunguke peke yake. Nikakataa. Sahani huchakaa, na tairi ikining'inia kabisa msaada wake ni mdogo. Difu ya kujifunga yenyewe, inayounganisha tairi mbili zizunguke pamoja, ilinitisha zaidi: njia ikiinama upande, tairi zote mbili zikiteleza pamoja, mkia wa gari unaelekea korongoni.

Nikaweka difu loki ya upepo, nyuma tu, yenye swichi: naifunga na kuifungua mwenyewe kwa nguvu ya hewa. Nabonyeza kabla ya kuingia topeni, si baada ya kukwama. Kwenye kona naifungua, maana ikiwa imefungwa gari linang'ang'ania kwenda mbele. Asubuhi za Julai zenye sakitu, nikiteremka, siigusi kabisa.

Msimu mzima sijavutwa na trekta.