Jiwe la Mwalimu wa Kiswahili, Brunnenstraße 193

Nilipofika Berlin, wenyeji wangu walinipeleka kwanza kwenye ukumbusho mkubwa wa Wayahudi wa Ulaya waliouawa, karibu na Lango la Brandenburg. Ni nguzo 2,711 za zege la kijivu, hazina jina wala tarehe. Pembeni unaweza kuzikalia. Ukizidi kuingia ndani ardhi inadidimia, nguzo zinakupita kimo, kelele za magari zinafifia. Peter Eisenman aliyeubuni hakutaka maandishi juu yake. Majina yako chini ya ardhi, kwenye chumba ambamo yanasomwa moja baada ya jingine pamoja na maisha ya kila mmoja kwa ufupi. Bunge liliupitisha mwaka 1999 baada ya ubishi wa miaka mingi, ukazinduliwa Mei 2005. Nilitoka pale sina la kusema.

Ila ukumbusho ninaourudia mara kwa mara ni mwingine, na unaweza kuufunika kwa kiganja.

Wajerumani huuita Stolperstein, jiwe la kujikwaa. Msanii Gunter Demnig aliweka la kwanza Köln mwaka 1992: kipande cha zege chenye bamba la shaba ya manjano juu, sentimita kumi hivi kila upande, kinachopachikwa kwenye njia ya waendao kwa miguu mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliichagua mwenyewe kabla Wanazi hawajamchukua. Herufi hugongwa kwa mkono, moja moja. Mengi huanza hivi: "Hapa aliishi". Mwaka 2023 yalifika 100,000, katika nchi nyingi za Ulaya. Ili usome, lazima uiname.

Jiji la München limekataa kuyaweka kwenye barabara zake. Charlotte Knobloch, kiongozi wa Wayahudi wa huko aliyenusurika akiwa mtoto, anasema majina ya marehemu yasikanyagwe tena. Hoja yake inanigusa, maana hata kwetu kaburi halikanyagwi. Hata hivyo, bila jiwe lile nisingemjua Mahjub bin Adam Mohamed.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, baba yake askari wa jeshi la wakoloni wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka naye akaingia jeshini, mtoto wa miaka kumi! Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao haukuwahi kulipwa. Serikali ikamkatalia. Akabaki, akajulikana kama Bayume Mohamed Husen, akawa mhudumu katika jumba la starehe la Haus Vaterland, akaoa Mjerumani mwaka 1933, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Aliigiza pia kwenye filamu, na ya mwisho ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Mwaka huohuo filamu ilipotoka, 1941, alikamatwa na Wanazi kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu asiye mkewe. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2007.

Mara ya kwanza nilisimama pale na mifuko ya sokoni mikononi, nikamsomea Fatiha kwa sauti ya chini. Watu walinipisha, wakaendelea na safari zao.

Ndugu zangu mnaopita Berlin, pandeni treni ya chini ya ardhi ya U8, mshuke Rosenthaler Platz, mtembee kidogo hadi Brunnenstraße namba 193. Chukueni kitambaa na dawa ya kung'arishia shaba. Mvua za huku huifanya kuwa nyeusi upesi, na wakazi wa mitaa mingi hutoka kuyasugua mawe yao kila tarehe 9 Novemba, kumbukumbu ya usiku wa mwaka 1938 Wanazi walipowashambulia Wayahudi. Langu mimi ni hili.