Jina la Bibi Mwavita

Binti yangu wa kwanza alizaliwa Tanga, Aprili 1991, masika yamekolea. Maji yalijaa mitaa ya Ngamiani hata wageni waliokuja kumwona mtoto walivua viatu wangali barabarani. Mpaka siku ya sita hakuwa na jina. Wifi yangu alikuwa ametuma barua kutoka Muskat yenye majina manane, kayapanga kwa wino wa buluu: Samira, Nadia, Sabrina na mengine ya namna hiyo. Mama mkwe alikwisha mchagulia Samira. Yalikuwa majina mazuri, lakini kila nilipojaribu kumwita mwanangu kwa mojawapo, niliona kama namwita mtoto wa jirani.

Jina nilikuwa nalo tangu mimba ya miezi mitano, ila sikumwambia mtu. Nilitaka aitwe Mwavita, jina la bibi yangu mzaa mama.

Majina yetu yale ya Mwa na Mwana yalikuwa yanakufa, na kufa kwake kuliniuma. Darasani kwetu tulikuwa na Mwanahamisi, Mwanaidi, Chausiku, Pili, Tatu na Mwajuma wawili. Mwanaidi hukuwa na haja ya kumuuliza kazaliwa lini. Chausiku ulijua mama yake alikesha. Wenzangu hao walipozaa, hakuna hata mmoja aliyempa mwanawe jina la namna ile. Waliona ni ya kishamba. Mwajuma mmoja alipopata kazi Dar es Salaam akawa Jamila. Sikumlaumu, maana nilijua alivyochekwa, lakini nilisikitika. Mtoto kazaliwa Ijumaa, kaitwa Mwajuma. Ushamba uko wapi hapo? Nilitaka majina yale yarudi, na mpaka leo nataka.

Na jina la bibi niliona linayapita yote. Alizaliwa Novemba 1914, siku zile Waingereza walipoleta askari kutoka Uhindi wakawashusha Ras Kasone ili wawatoe Wajerumani mjini, wakashindwa. Kila mtu wa Tanga amehadithiwa habari ya nyuki waliotoka mizingani wakawavamia askari katikati ya risasi. Mama yake bibi alikuwa amekimbilia mashambani upande wa Amboni, akajifungulia huko huku mizinga inasikika. Cheti cha kuzaliwa bibi hakuwa nacho. Jina ndilo lililokuwa cheti chake, nami nilijivunia kwamba kwetu tarehe ya vita ilikuwa inatembea, inapika, inasali.

Siku ya saba mtoto alinyolewa asubuhi. Mbuzi wake alikwisha chinjwa uani, chini ya bati, na mvua ilikuwa inalipiga bati lile hata wapishi wakawa wanazungumza kwa kupaza sauti. Bibi alikuwa chumbani nami, amekaa kwenye mkeka, kitukuu chake kimelala mapajani mwake na kichwa kinang'aa mafuta. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

"Bibi, mtoto tutamwita Mwavita," nikasema.

Nilitarajia vigelegele. Alimfunika mtoto miguu, akamfunika tena ijapokuwa alikwisha funikwa.

"Hapana, mjukuu wangu. Usimpe."

Nikadhani anaona haya. Nikamwambia nimekwisha liandika kwenye kadi ya kliniki, mume wangu amekubali, na kwamba jina likiachwa litapotea.

"Vita vile unavijua," akasema. "Jina hulijui."

Ndipo akanieleza habari ambayo sikuwahi kuisikia, na hata mama yangu, nilipomuuliza baadaye, hakuwa anaijua yote. Waingereza walirudi 1916 wakauchukua mji. Walihitaji watu wa kubeba mizigo ya jeshi lao kulifuata jeshi la Wajerumani lililokuwa linarudi nyuma kuelekea kusini. Baba yake alichukuliwa na wenzake wa mtaani. Bibi hakuwa ametimiza miaka miwili. Baba hakurudi, wala hakuja mtu kusema amezikwa wapi. Wapagazi waliofia njiani kwa njaa, homa na kuhara walikuwa maelfu kwa maelfu. Watu wanaingia na kutoka Kariakoo, Dar es Salaam, kila siku, na wengi hawajui kwamba jina la soko lile limetokana na kikosi cha wapagazi hao.

"Tangu hapo mama hakuniita tena kwa jina langu," bibi akasema. "Aliniita 'mama', mara 'we mtoto', mpaka nikaolewa. Watu wakiniita mbele yake, aligeuza uso akaangalia ukuta. Nilipokuwa mdogo nilidhani hanipendi."

Nikasema, na nililisema nikilia, kwamba mimi nalipenda.

"Wewe unalipenda kwa kuwa ni langu. Mimi nimekaa nalo miaka sabini na sita. Siti binti Saad alizaliwa akaitwa Mtumwa. Alipokuwa Siti, nani alilililia lile la kwanza?"

Alimpenda mno Siti. Santuri zake alizisikia angali kijana, zile za kwanza zilizorekodiwa Bombay 1928, na katika nyumba ile jina la Siti lilimaliza ubishi.

Mama mkwe akajitokeza. "Basi, alhamdulillahi. Samira."

"Nani kasema Samira?" bibi akamgeukia. "Huyu kaja na mvua tangu siku ya kwanza mpaka leo. Husikii hilo bati? Mwanamvua."

"Bi mkubwa, hilo si jina la kizee?"

"Naye atazeeka, inshallah."

Mama mkwe hakuwa na la kujibu. Akarudi uani kuangalia pilau.

Bibi akaniomba kadi. Alikuwa amehitimu Kurani na herufi za Kiarabu alizisoma bila miwani, lakini hizi za Kizungu hakuzijua. Akaishika mbali kidogo na macho.

"Langu liko wapi hapa?"

Nikamshika kidole nikakiweka penye jina. Akakipitisha polepole toka Mwa mpaka ta, kisha akakirudisha mwanzo akapita tena. Sijui kama aliwahi kuonyeshwa jina lake kabla ya siku ile.

"Likate," akasema. "Mstari mmoja tu, usilichafue."

Nikatafuta kalamu chini ya mto, nikalikata kwa mstari mmoja. Ile kadi ninayo mpaka leo, na chini ya mstari ule jina linasomeka herufi zote.

"Sasa andika la mvua."